Namba ya Marehemu

Wiki iliyopita nilikuwa katika duka moja la simu mjini Bujumbura, nikinunua chaja, ndipo mama mmoja aliyevaa nguo za msiba akaweka simu mpya juu ya kaunta.

"Muliniuzia hii mukasema namba ya marehemu muzee wangu mutaifungua humu. Mbona haiingii?"

Muuzaji hakuinua macho. "Ililala muda murefu, mama. Kampuni iliipatia mutu mwingine. Chukua namba mupya."

"Apana. Mutoto wetu alienda Kongo kutafuta kazi. Anajua namba ya baba yake tu. Hata kifo hajui."

"Simu iko nzima. Sisi tulimaliza kazi yetu."

Mama hakupaza sauti. Aliifunika simu kwa kiganja, akasema, "Basi piga ile namba. Nisikie nani iko nayo."

Muuzaji akapiga, sauti tukaisikia sote. Mwanamume alipokea. Mama akamweleza yote, polepole, naye akajibu:

"Mama, kuna kijana anapiga hapa, anaita baba. Mi namukatia, nasema amekosea. Jana alipiga tena. Namba yake ninayo."

Muuzaji ndiye aliyeiandika.

"Sasa nifungulie hiyo namba mupya," mama akamwambia.

Alipoanza kumpigia mwanawe, tulitoka nje sote, muuzaji pia, tukamwachia duka.

Wanasema namba isiyotumika haina mwenyewe. Labda wanaosema hivyo hawajawahi kuzika mtu.