Nyayo kwenye Bamba la Bubu

Machimboni walimwita Bubu, ingawa ulimi alikuwa nao. Tangu afiwe na mkewe, mwaka wa sita huo, alipasua mawe kutwa nzima, akarudi nyumbani, akala akiwa amesimama. Wenzake walimtania, "Bubu, hata nyundo inakuzidi maneno!" Yeye alitabasamu tu, yakaisha.

Siku moja patasi iliingia kwenye ufa, jiwe likafunguka kama mlango. Ndani mlikuwa na nyayo za mnyama: za mbele ndogo, za nyuma kubwa, vidole vikionekana kimoja kimoja. Bubu akakaa chini.

"Kokoto hiyo!" msimamizi akafoka. "Peleka kwenye mashine."

"Hili silipeleki."

Watu waliacha kazi kumtazama. Bubu akalipakia lile bamba la jiwe kwenye toroli, akalisukuma mpaka kwake.

Binti yake, aliyeolewa mbali, alipopiga simu, Bubu alimsimulia mpaka chaji ikaisha. Binti ndiye aliyemtafutia mtafiti wa chuo kikuu.

Akaja mama wa makamo. Ndani kikombe kilikuwa kimoja tu. Bubu akaenda kwa jirani, ambako hakuwahi kupiga hodi, akaazima cha pili.

Mgeni alipiga magoti, akapima kwa utepe. "Baba, huyu alipita kabla ndege wa kwanza hajaota unyoya. Palikuwa na tope. Ona, hakuna mburuzo wa tumbo wala mkia: alijiinua vizuri kwa miguu yote minne. Hatua fupi, hakuwa na haraka. Huu wa nyuma kushoto haukuzama kama mwenzake. Pengine alichechemea."

"Alikuwa peke yake?"

"Kwenye jiwe hili, ndiyo. Labda la pembeni lina wenzake."

Bubu akainamisha kichwa. La pembeni alilipasua mwenyewe wiki ileile bila kulitazama. Sasa lilikuwa kokoto barabarani. "Maji yakimwagika hayazoleki," alisema.

Bamba likaenda makumbusho kwa ridhaa yake. Mtafiti alitaka jina la aliyeligundua. Ilikuwa zamani mno tangu mtu amwulize jina. Alilitamka polepole, kama anayejifunza kusoma.

Tangu hapo hapeleki jiwe mashineni kabla ya kuligeuza pande zote. Msimamizi alinung'unika mpaka akachoka.

"Unatafuta nini, Bubu?" wenzake humwuliza.

"Mwenzi wa yule aliyechechemea."

Mpaka leo hajamwona.