Ramani Juu ya Boneti

Kazi ya mke wangu ni kupaka rangi ramani za jiji. Nyumba njano, maduka na ofisi nyekundu, shule buluu. Miaka ishirini na miwili ameipaka ng'ambo yetu njano tupu, na kila alfajiri tunakurupuka kugombea daraja lile lile moja na wakazi wenzetu.

Wiki iliyopita alipiga kelele mezani, nikadhani nyoka.

"Baba Pacha, njoo uone! Watu wote huku, kazi na shule zote kule! Foleni hii nimeipaka mimi, kwa mkono wangu!"

Huku kwetu kilibaki kiwanja kimoja tu kikubwa, na Jumatatu saa tatu asubuhi wajumbe wa halmashauri walitarajiwa kukipitisha kijengwe nyumba nyingine mia nne. Akachora ramani upya, akaweka pale shule, soko na karakana. Udereva wa kumpeleka kikaoni ukaniangukia mimi.

Saa tatu kasorobo tulikuwa katikati ya daraja, tumeganda. Nikamwambia haraka haraka haina baraka; akanijibu kwamba baraka zenyewe zimekwama nyuma ya lori. Mara akafungua mlango, ramani kwapani.

"Unakwenda wapi wewe?"

"Kwa mwenyekiti wa halmashauri! Yule pale, gari la saba!"

Nikazima injini nikamfuata mbio, moyo unanidunda kama kijana. Nilimkuta ameshaitandaza ramani juu ya boneti. Mwenyekiti, mzee mwenye hasira za karibu, alishuka akifoka. Kwenye kiti cha nyuma mjukuu wake alikuwa amelala na sare ya shule.

"Mama, kikao ni ofisini!"

"Ofisini kuna nani, mzee? Wajumbe wako hao hapo!"

Kweli bwana! Wanne walikuwa wametoa vichwa madirishani, na yeye wa tano, kati ya wajumbe wote saba.

"Na huyu mtoto," mke wangu akauliza, "ameamka saa ngapi?"

Mzee akamtazama mjukuu, akaitazama ramani.

"Saa kumi," akasema. Kisha akapaza sauti: "Akidi imetimia! Wanaotaka shule na soko kwenye kile kiwanja, mikono juu!"

Mikono mitano ikapanda, pamoja na ya madereva wasiohusika kabisa, na wangu. Honi zikalia daraja zima. Mke wangu akaruka akanikumbatia hadharani!

Kelele zikamwamsha mjukuu. "Babu, tumefika shule?"

"Bado," mzee akamwambia. "Ila inakuja."