Mchumba wa Gando

Kwetu Wambaa, kusini mwa Pemba, mtu hatangazi jambo lake la kheri mpaka liwe limeshakwisha. Mwenye safari husema haendi popote. Ukimkuta mtu anafunga mzigo mlangoni ukamuuliza wapi, atakwambia anaupanga tu. Tulikuwa tunaogopa jicho la watu, na mimi, pamoja na miaka yote niliyosimama mbele ya ubao, bado naliogopa.

Basi fikirini hali ilivyokuwa zilipokuja fomu za ualimu.

Ilikuwa mwisho wa miaka ya hamsini, nami nilikuwa namaliza darasa la nane katika shule ya wasichana. Mwalimu mkuu wetu alikuwa mwanamke wa Unguja mjini, mrefu, mwenye maneno machache yaliyopangika. Alituita wawili, mimi na mwenzangu niliyekaa naye dawati moja, akatuonyesha fomu za namna mbili. Ya kwanza ilikuwa ya chuo cha ualimu Unguja, miaka miwili, unalala huko huko na unarudi na cheti kamili. Ya pili ilikuwa ya mafunzo ya miezi sita Chake Chake. Ukitoka hapo unakuwa mwalimu msaidizi wa watoto wadogo, na kwa wakati ule usaidizi ndio ulikuwa mwisho wako.

"Nafasi ya Unguja kwa shule yetu ni moja," alisema. "Chagueni, mjaze, na wazee wenu watie sahihi."

Nilimtazama usoni. Kama nafasi ni moja, kwa nini atuite wawili? Na mbona anatabasamu?

Niliitaka ile ya Unguja mpaka chakula kikawa hakishuki. Shuleni kwetu alikuwepo msaidizi mmoja, mtu mzima, mama wa watoto wanne, aliyekuwa akitumwa chaki na walimu waliozaliwa yeye akiwa keshavunja ungo. Sikutaka kuwa yule.

Baba alikuwa akisoma herufi za Kiarabu vizuri kabisa. Hizi nyingine hakuzijua, na asichokijua alikidhania ubaya. Nikamsomea fomu ya Unguja kutoka juu mpaka chini.

"Hebu soma tena," akasema. "Hapo kati umekwenda mbio."

Nikasoma mara tatu. Asubuhi yake akaikunja ile fomu, akaitia ndani ya kofia, akachukua ngalawa mpaka Makoongwe. Alikwenda huko kwa sababu hakuna aliyetujua, akamtafuta mtu asiye na haja na sisi amsomee. Alirudi alasiri. "Kumbe ulisoma kweli," akaniambia, wala hakuona haya. Akatia sahihi yake kwa Kiarabu. Nilikasirika siku mbili, kwani sikufikiri kuwa hata mimi ni wa kushukiwa.

Kazi iliyobaki ilikuwa ya mama. "Sasa n'kwambie," alisema. "Ntu akikuuliza, weye umeposwa. Huendi kokote."

Mchumba akapatikana jioni ile ile, jikoni. Mama alimweka Gando, kule kaskazini ya kisiwa, kwa sababu alikuwa na wajomba huko, na kwa sababu hakuna mtu wa Wambaa aliyekuwa na shughuli ya kwenda Gando kuhakikisha. Alimpa shamba la muhogo, mikarafuu kidogo na mashua ya kushirikiana na nduguye. Halafu akafikiri, akaona mtu huyo amezidi kuwa mzuri, akamtia kilema cha mguu asije naye akahusudiwa. Kesho yake nikakalishwa barazani kusuka mkeka wa harusi, mahali ambapo kila apitaye ananiona.

Mwenzangu wa dawati naye alikuwa na hadithi yake. Aliniambia hatakwenda Unguja, atabaki kumuuguza bibi yake. Bibi mwenyewe nilikuwa nimemwona wiki ile ile amebeba kuni kichwani anakimbia mvua. Nikamwambia, "Pole," naye akaniambia, "Hongera," tukatazamana kila mmoja akijua mwenzake mwongo.

Siku chache baadaye mwalimu mkuu alikuja nyumbani kwetu kwa miguu, viatu vimejaa vumbi. Mama akamkalisha juu ya ule mkeka wangu, akampa chai.

"Bi mkubwa," alianza, "nimesikia binti kaposwa. Nimekuja nijue ukweli, maana fomu zinaondoka keshokutwa."

Nilimwona mama anavyokaza macho. Nilijua anachofikiri, kwa sababu na mimi nilikuwa nafikiri hicho hicho. Fomu yetu anayo, imejazwa, ina sahihi. Anataka nini tena? Huyu katumwa kupeleleza.

"Kweli, mwalimu," mama akasema. "Kaposwa. Nchumba yuko Gando."

Mwalimu akauliza ni mtu wa namna gani. Mama akamtajia shamba, mashua, hata mguu. Mwalimu akanigeukia mimi.

"Na wewe, mwanangu, umeridhia?"

Hapo ndipo ningesema. Tulikuwa watatu tu chumbani. Lakini nilimwona mwenzangu wa dawati nyuma ya swali lile, nikamwona baba yake, nikaona neno langu limeshafika kwao kabla ya magharibi.

"Nimeridhia, mwalimu."

Akaweka kikombe chini na chai nusu imo. "Basi hongereni," akasema. "Mungu atie baraka." Alipokwisha kutoka, mama alikitazama kile kikombe. "Umeona? Hakumaliza. Ana lake moyoni."

Majina yalipotoka, mwenzangu alikuwa wa Unguja. Mimi nilikuwa wa Chake Chake, miezi sita.

Mimi sikujaza fomu ya Chake Chake. Baba hakuitia sahihi. Kwa hiyo mtu aliijaza, na huyo mtu tulikuwa tunamjua. Baba alitaka kwenda shuleni, mama akamzuia asizidi kuniharibia. Nililia kwa hasira, halafu nikafanya jambo ambalo leo linaniumiza kuliko machozi yale. Nilimwambia shangazi kuwa baba wa mwenzangu alimpelekea mwalimu kuku wawili na pweza mkavu. Sikuona kuku wala pweza. Niliona tu kuwa jambo kama lile haliwezekani bila kitu kupita mkono.

Siasa zilikuwa zimeshaingia kisiwani, majirani walikuwa wakisusiana maziko, na neno baya halikuhitaji shahidi. Uvumi ulipofika Mkoani kuku walikuwa sita. Wanawake wakaacha kuitikia salamu za mwalimu njiani. Wazazi wakaacha kwenda akiwaita. Mwaka haukuisha, akarudishwa Unguja, nasi tukaona Mungu katulipia.

Nilikwenda Chake Chake kwa sababu hapakuwa na pengine. Nilipomaliza nikapangiwa shule ya upande wa Wete, kaskazini kabisa, mbali na kwetu kuliko mahali popote ambapo mtu angeweza kunitupa ndani ya Pemba. Hata hapa mkono wake upo, nikasema. Miaka mitatu nilifundisha a-e-i-o-u, nilikata kucha za watoto, nilitumwa chaki. Kila nilipotumwa nilimkumbuka yule mwanamke na kikombe chake cha chai.

Halafu likaja tangazo kuwa wasaidizi wenye kazi nzuri wanaweza kuomba ile miaka miwili ya Unguja. Safari hii sikumwambia mtu yeyote, hata mama. Nilikwenda peke yangu ofisi ya elimu.

Karani alikuwa kijana wa Kipemba, mpole, kalamu sikioni. Alilifungua jalada langu, akafunua karatasi moja moja.

"Barua ya ruhusa ya mume iko wapi?"

"Mume gani?"

"Wa Gando."

Nilidhani ananifanyia mzaha. Akaligeuza jalada nisome mwenyewe. Ilikuwa barua ya mwalimu mkuu, mwandiko wake ule uliopangika. Alikuwa ameandika kuwa mimi ndiye aliyenichagua kwa Unguja kabla ya mwenzangu. Kwamba alifika kwetu akaambiwa na mama, na nami mwenyewe nikathibitisha, kuwa naolewa Gando na mume mwenye udhaifu wa mguu, ambaye haielekei atamwacha mkewe avuke bahari. Kwamba amenijazia fomu ya Chake Chake kwa mkono wake, bila ya kutuuliza, kwa sababu hakutaka nipotee katika ualimu, na kama kuna lawama ni yake. Aliomba nikihitimu nipangiwe shule ya karibu na Gando, nisitenganishwe na mume. Na siku mambo ya nyumbani yakiniruhusu, nipelekwe Unguja bila ya kucheleweshwa.

Nilisoma mpaka mwisho, nikarudi juu.

"Sasa mume unaye au huna?" karani akauliza.

"Sina."

"Mmeachana?"

"Sikuwahi kuwa naye."

Akaichukua kalamu sikioni. "Kwa hiyo huyu mwalimu kaandika uongo."

Nje ya mlango walikuwa wamekaa wasaidizi wengine wawili wakisubiri zamu, na fomu zao mkononi. Nikiyasema ya kweli, ataandika kuwa mimi na mama yangu tulimdanganya mwalimu wa serikali, na jalada lile ndilo litakalosomwa Unguja. Alikuwa anangoja. Hakuwa hata na haraka.

"Labda alisikia vibaya," nikasema.

Akaandika pembeni mwa barua. Nilisoma kichwa chini miguu juu: mwalimu hakuhakikisha. Kisha akagonga muhuri.

Nilipata nafasi. Nilikwenda Unguja, nikasoma miaka yangu miwili, nikapata cheti kile kile nilichokitaka tangu darasa la nane. Wiki ya kwanza mjini nilikutana sokoni na mwenzangu wa dawati, mwalimu kamili sasa, akanikumbatia. Nikamuuliza kwa mzaha habari za bibi yake mgonjwa. Akacheka sana. Alisema mwalimu mkuu alipokwenda kwao kuuliza, bibi mwenyewe alimvuta pembeni akamwambia kweli, akamwomba asitangaze, na mwalimu hakutangaza.

"Anakaa hapa nyuma ya msikiti," akaniambia, akaninyooshea kidole uchochoro wenyewe. "Nikienda kumwamkia hakosi kukuulizia. Husema, yule binti wa Wambaa, mumewe hajambo?"

Nilisema nitakwenda Ijumaa.

Miaka miwili nilikaa umbali wa kusikia adhana ya msikiti ule, na sikwenda kumwamkia.