Jina Huulizwa Mwisho

Ko. Hiyo ilikuwa pete ya Sajenti ikigonga meza. Hata leo nikifunga macho naisikia, kavu na fupi, kama mtu anayebisha mlango na hataki kusumbua.

Siku yangu ya kwanza katika chumba cha simu za dharura cha polisi nilifika na viatu vimeng'aa mpaka ungeweza kujitazamia ndani yake ukapaka lipstiki. Nilikuwa konstebo mpya, alama zangu za Form Four sizitaji mbele ya watu, na tangu utotoni kwetu Kibera nilikuwa naota kuwa mtangazaji wa redio. Mungu naye ana mchezo. Alinipa hedifoni, akanipa maikrofoni, akanipa na wasikilizaji. Shida ni kwamba hakuna hata mmoja aliyepiga kuomba wimbo.

Sajenti, mwanamke mnene mwenye sauti ya chini, ndiye aliyefunza wapokeaji simu wapya. Alikaa kando yangu na kuchomeka hedifoni yake kwenye laini yangu. Hilo tuliliita sikio la pili. Mwenye sikio la pili husikia kila kitu lakini haongei, maana mpigaji akisikia sauti mbili huchanganyikiwa. Basi Sajenti aliongea kwa pete. Ko moja: nyamaza, sikiliza. Ko mbili: muulize anaona nini. Kulikuwa na kitufe chekundu cha kuingilia simu, ila yeye hakukigusa.

"Nikikibonyeza hicho, nimekunyang'anya," aliniambia. "Na mtu akinyang'anywa leo, kesho atangoja kunyang'anywa tena."

Simu yangu ya kwanza kabisa ilitoka Kongo, kule Kawangware. Nilisoma kwenye kompyuta, nikauliza kwa sauti yangu tamu ya redio, "Naomba jina lako kamili." Mtu akakata.

"Umemtorosha," Sajenti akasema.

"Kwani nimefanya nini, Afande?"

"Umemuuliza jina. Mtu wa pale akisikia polisi wanataka jina lake, anaona korti. Anajiona shahidi, ameacha kibanda chake, amekaa kwa benchi siku nzima. Jina huulizwa mwisho, akishakuamini."

"Lakini Afande, kompyuta imeweka jina juu kabisa."

"Kompyuta haijawahi kuishi Kawangware."

Siku zetu za off alitutembeza. Tulitoka stendi ya Kawangware 56 tukapita Kongo hadi Riruta Satellite, na siku nyingine ikawa Kibera, ambako nilijidai mwenyeji. Alitusimamisha katikati ya kijia, watu wakitushangaa, akatuambia tufunge macho. "Haya, tuko wapi?" Huku posho mill inanguruma ikisaga mahindi, kule mwenye hardware anakata chuma, hapa kinyozi amefungulia redio. Ukiwapa polisi wa doria jina la barabara, hawafiki. Ukiwapa kinyozi na kanisa la bati, wanafika. Kibera kwetu nilikosea mara mbili, wenzangu wakanicheka mpaka tukafika kwa mama wa chapati.

Sajenti alipostaafu akarudi kwenye shamba lake Western, niliachiwa sikio la pili. Pete sikuwa nayo, maana bado sijaona wa kunivisha, kwa hivyo nikaokota kifuniko cha soda. Kiligonga vizuri tu.

Ndipo akaja Naliaka. Amekulia Kawangware, mwembamba, mwepesi wa kucheka nje ya chumba na mwepesi wa kutetemeka ndani yake. Nilimfundisha yote, lakini akiona ile nafasi ya jina iko wazi kwenye kompyuta, mdomo wake unaikimbilia. Watu wakawa wanakata. Inspekta aliyesimamia chumba akaniita.

"Konstebo, huyu mtoto wako anatorosha watu. Hii wiki ikiisha hivi, nampeleka gate akafungulie magari."

Naliaka alilia mpaka kola ikalowa. "Madam, usikubali niende gate. Mama ameambia kanisa lote mtoto wake ndiye hushika simu watu wakilia. Nitawaambia nini?"

"Utawaambia unashika geti magari yakilia," nikasema. Akacheka huku machozi yanashuka, lakini mimi moyoni sikucheka.

Wiki ilikuwa inaisha, asubuhi, chai bado ina mvuke, simu yake ikalia. Sauti ya mama mzee, anakohoa. Nyumba ya jirani inawaka na moshi unaingia kwake. Mwanawe ameenda kazini na kumfungia ndani kwa kufuli, akisema mtaa una wezi. Kompyuta ilituonyesha Kawangware, basi. Kawangware ni kubwa.

Naliaka akafungua mdomo. Niliona macho yake yakienda pale kwenye jina. Kidole changu kilikuwa juu ya kitufe chekundu. Kwa nini tusubiri mtu afe ndiyo huyu ajifunze? Nikajiuliza hivyo kabisa. Lakini mkono mwingine ukagonga kifuniko, ko mbili.

"Kukhu," Naliaka akasema, akimwita bibi kama wanavyoita kwao Western, "unaona nini?"

"Naona ukuta, mwanangu! Dirisha hakuna. Mimi nimekuja jana, hapa hata sipajui!"

Nikagonga ko moja.

"Kukhu, inama chini karibu na sakafu, ufunike pua na leso. Sasa nyamaza kidogo, tusikilize pamoja."

Tukasikiliza. Kikohozi. Kuku. Halafu, kwa mbali, ngo-ngo-ngo, ngo-ngo-ngo, nyundo nyingi juu ya bati.

Naliaka akasimama, waya wa hedifoni ukamvuta. "Hao ni mafundi wa masanduku ya shule! Hao nawajua! Kukhu, gusa kuta. Ni ukuta gani unatetemeka?"

"Huu wa nyuma ya kitanda."

Naliaka akamgeukia Koplo aliyeshika redio ya doria. "Plot iliyo nyuma ya mafundi wa masanduku, Kongo, mlango unaangalia upande mwingine!" Koplo tayari alikuwa anawaita polisi wa doria na gari la zimamoto. Lakini hao wangefika lini?

"Kukhu, chukua sufuria. Hao wakigonga, wewe tulia. Wakipumzika, gonga huo ukuta na nguvu zako zote."

Ngo-ngo-ngo. Kimya. Halafu ikaja sufuria ya bibi, ovyo, bila mdundo. Ngo-ngo-ngo. Kimya. Sufuria tena, sasa imelegea. Kidole changu kilikuwa bado juu ya kitufe. Kisha nyundo zote zikanyamaza na hazikuanza tena. Tukasikia miguu, chuma kikivunjika, na mwanamume akipayuka, "Shosho! Toka, shosho, nimekushika!"

Naliaka aliketi. Inspekta alikuwa nyuma yetu, sijui tangu lini. Bibi akarudi kwenye simu, anahema hewa safi.

"Kukhu," Naliaka akasema taratibu, "sasa niambie, unaitwa nani?"

"Jina la nini tena, mwanangu? Si tumeshajuana?" Halafu akalitaja, lote, mpaka la ukoo wao.

Inspekta akakohoa. "Gate watafute mtu mwingine," akasema, akaenda kuchukua chai.

Sasa nimehamishwa, niko kaunti nyingine nikifungua chumba kama kile. Wanaoanza kazi huniuliza siri ni nini, na mimi huwatembeza kijiani na kuwaambia wafunge macho. Naliaka ndiye mwenye sikio la pili siku hizi. Nasikia anagongea kijiko.

Jioni ya mwisho kwangu Kibera nilikuwa nimeshafunga mizigo, imebaki meza tu. Majirani walikuwa wanapika, wanagombana, wanafungulia redio. Nikatoa kifuniko cha soda mfukoni, nikagonga meza. Ko. Nikakaa juu ya begi langu, nikafunga macho, nikawasikiliza.