Gumba la Baba Chini ya Simenti

Nilipaswa kukataa. Padri wetu aliponiuliza kama ningeweza kupiga simenti ukuta wote wa kanisa kabla ya jubile, nilikuwa na nafasi ya kusema hapana. Nilisema ndiyo, kwa sababu nilitaka watu waseme mkono wangu bado haujazeeka. Haya ninayokueleza yalinipata mchana, nikiwa na akili zangu zote. Ukitaka kucheka, cheka. Hata mimi nilicheka kabla yako.

Kanisa letu liko mtaa wa Bwiza. Ni la matofali ya kuchoma, na matao yake yamechongoka juu, kwani padri wa zamani aliyelichora alipenda makanisa ya kale ya Ulaya. Baba yangu alikuwa mmoja wa waliofyatua matofali yale. Siku hizo kila mfyatuaji alitia alama yake kwenye udongo mbichi, ili tofali likipasuka tanurini ijulikane ni la nani. Alama ya baba ilikuwa gumba lake, lenye kovu katikati. Tofali lake moja lilikuwa kando ya mlango, kimo cha kifua. Baba hakuacha picha hata moja. Kila Jumapili dada yangu mkubwa, Spesioza, ninayemwita Yaya, alitia kidole chake mle kabla ya kuingia misa.

Aliponikuta nakoroga simenti, alishika kiuno.

"We mudogo, unamuzika baba mara ya pili?"

"Yaya, ni jubile. Ukuta unaonekana muzee."

"Na we je? Tukupake na we?"

Hamadi, fundi mwenzangu wa mtaa jirani wa Buyenzi, alicheka mpaka karai likamponyoka. Mimi nikapaka.

Wiki moja baadaye mvua kubwa ilinikuta pale mlangoni. Hamadi alikuwa ameenda kuswali adhuhuri. Akatokea mzungu mzee, amevaa joho zito la sufu kama watawa wa zamani. Mvua ilikuwa inamwagika, lakini niamini, joho lile lilikuwa kavu, na kila alipotikisika lilidondosha vumbi jeupe la chokaa. Akaongea Kiswahili cha Bwiza kama aliyezaliwa kule.

"Muzee mwenzangu, umemuziba pua."

"Nani?"

"Ukuta. Apana simenti kwa tofali laini. Maji yanaingia, yanakosa mulango wa kutokea."

Akaniambia kwao ni Uskoti, kwenye kanisa la monasteri, akalitaja na jina. Walilianza upande wa altare, ili watawa wasali huku wengine wanajenga. Nguzo za kwanza zilikuwa nene na za mviringo. Wajukuu wa wale mafundi ndio waliokuja kujua matao yaliyochongoka. Kisha ukaja ugomvi wa dini. Paa likang'olewa, watu wakabeba mawe wakajengea mazizi ya ng'ombe. Kilichosalia ni ile sehemu ya katikati, ambapo wanakijiji waliziba ukuta wakaendelea kusali. Zama zetu hizi mtu akaja akaziba nyufa kwa simenti, na mawe yakaanza kuchubuka kama ngozi.

"Waliitoa polepole, wakarudisha chokaa kwenye nyufa," alisema. "Sasa alama za mafundi zinaonekana. Hata ya kwangu. Nguzo ya tatu, samaki bila jicho."

Nikacheka. "Ya kwako? Ulijenga mwaka gani?"

Alichora samaki ukutani kwa kidole, na simenti yangu, iliyokauka wiki nzima, ikamfuata kama tope.

"Usichukue nyundo," alisema. "Ngoja kiangazi, ukuta ukauke kwanza."

"Mzee, unaongea na nani?" Hamadi alikuwa amerudi. Nyayo nyeupe za chokaa zilitoka mlangoni, zikaishia ukutani. Hakuna zilizorudi.

Je, nilingoja? Hofu ilinishika. Hamadi alinizuia, nikamsukuma. Nilichukua nyundo nikaenda moja kwa moja kwenye tofali la baba. Simenti ilibanduka bapa zima, na uso wa tofali, uliolainika kwa maji, ukang'oka nayo. Gumba la baba likawa unga mwekundu kiganjani mwangu.

Matofali yaliyobaki tuliyangojea kiangazi. Jubile ilipita ukuta ukiwa na mabaka. Tulikwangua kidogo kidogo, tukarudisha chokaa katikati ya matofali tu, na alama zikatoka: misalaba, majani, nyayo za kuku. Siku moja Hamadi aliacha kukwangua ghafla. Mbele yake palikuwa na nusu mwezi, alama ya babu yake. Alimpigia mama yake simu huku analia. Tangu hapo familia huja Jumapili kutafuta wazee wao, na ukuta umekauka vizuri. Spesioza sasa anatia kidole kwenye nusu mwezi. "Huyu alikula na baba," anasema.

Kipande cha simenti chenye samaki ninacho nyumbani. Padri alitafuta kanisa lile la Uskoti kwenye simu yake, akanionyesha nguzo ya tatu. Samaki yupo. Hana jicho.

Kwa hiyo wewe unayenisikia, usifunike kazi ya mikono ya wazee wako ili usifiwe. Na mtu akikujia amekauka katikati ya mvua, msikilize mpaka mwisho, kisha fanya alivyosema. Mimi ile 'ndiyo' yangu ilinigharimu gumba la baba yangu. Hakuna alama nyingine ya mwili wake iliyokuwa imebaki duniani, na niliivunja mwenyewe.