Beki Asiyeruhusiwa Kuchoka

Sisi wa timu tulimwita Ukuta, kwa sababu alicheza beki wa kati na kumpita ilikuwa kazi kwelikweli. Majukwaani walimwita Mchina. Babu yake alitoka nchi nyingine kabisa ya Asia, na yeye mwenyewe alizaliwa hospitali ileile niliyozaliwa mimi, lakini nani alikuwa na muda wa kuuliza? Akigusa mpira tu utasikia, "Piga karate!" Mimi golikipa wake, ambaye mdomo wangu hauna breki, niliwajibu kwa maneno ambayo mama yangu asingependa kuyasikia. Yeye alicheka tu, akaendelea kucheza.

Baba yake alikuwa fundi wa friji. Karakana yao ilijaa friji zisizo na milango, na katikati yake Ukuta alikuwa ametundika mpira kwenye ndoano. Kila asubuhi, kabla ya kumsaidia baba kupandisha friji za watu ghorofani, aliruka na kuupiga mpira ule kwa kichwa mpaka mzee alalamike, "Mwanangu, utanivunjia dari." Siku moja nilijaribu kwenda naye sambamba. Nilinyoosha mikono mapema, nikaketi juu ya friji mbovu nikimtazama kwa wivu.

Alitaka kitu kimoja tu: timu ya mkoa. Mwaka uliotangulia mteuzi wa timu hiyo alimpima kwa macho toka juu hadi chini, akamwambia, "Binti, kwa umbo lako ungeenda tenisi ya meza. Huko ndiko watu wenu wanakong'ara." Hakusubiri hata amwone akicheza. Nilitamani kumrushia glavu usoni.

Mwaka huu mteuzi yuleyule alikuja kutazama mechi yetu. Dakika za mwisho, tukiongoza kwa bao moja, wapinzani wakapata kona. Mshambuliaji wao, pande la mtu, akampazia sauti mpigaji, mbele ya pua ya Ukuta: "Lete nguzo ya karibu! Usijali, huyu hajui tunachosema."

Ukuta akaweka uso wa mtu aliyepotea njia. Mpira ulipofika nguzo ya karibu, yeye alikuwa ameshatangulia. Akaruka, akaupiga kichwa hadi katikati ya uwanja, kisha akamgeukia mshambuliaji. "Asante, dada yangu. Na kona nyingine uniambie vilevile." Nilicheka mpaka nikashikilia nguzo.

Filimbi ya mwisho ilipolia, mteuzi alitujia akitabasamu. "Nimekubali. Nakuchukua," alimwambia Ukuta. "Watu wenu mna maajabu. Hamchoki, mmeumbwa kama mashine."

Nikamfinya Ukuta mkono. Nyamaza, nilimwomba kimoyomoyo, limeze hilo, nafasi ndiyo hii. Mteuzi yule hakupenda kujibiwa, na tulishaona wasichana wakiachwa kwa kukunja uso tu.

"Nachoka, mwalimu," Ukuta akasema, kwa heshima zote. "Itazame miguu yangu inavyotetemeka. Nimechoka tangu kipindi cha kwanza. Hata asubuhi naamka nimechoka, na nakuja mazoezini hivyohivyo. Kama unanichukua kwa sababu sichoki, basi tafuta mwingine."

Mteuzi akaitazama miguu ile. Kweli ilikuwa ikitetemeka, soksi zimeshuka, goti moja linavuja damu. Nami nikaanza kuiaga ile nafasi kwa niaba ya rafiki yangu. Nilimkasirikia, na papo hapo nilimpenda kuliko siku zote.

"Basi kaa chini, binti," mteuzi akasema mwishowe, taratibu. "Mazoezi ya mkoa ni Jumatatu. Kwa leo kaa upumzike."

Ukuta akakaa palepale kwenye nyasi, akalia mbele ya kila mtu. Nilikuwa sijawahi kumwona akilia, wala akipumzika.