Moto au Barafu kwa Figo ya Mdogo Wangu

Waliokaa kikao kile nawakumbuka wote, jina la mtu na la babake. Sitawataja. Wengine bado nawapikia Idi.

Mdogo wangu, anifuatiaye ziwa, alikuwa na figo moja tu nzima. Ya pili ilisinyaa tangu ujanani. Kwenye hiyo iliyobaki ndiko kulikoonekana uvimbe. Nilimsindikiza mimi hadi bara, tukakaa mbele ya daktari, kijana mpole.

"Bibi, hatumpasui," akaniambia. "Tunamtia ganzi, tunapitisha sindano ubavuni huku tukiitazama kwenye picha, mpaka ncha iingie ndani ya uvimbe. Hapo tunauchoma kwa moto, au tunaugandisha kwa baridi kali, ufe. Figo inabaki. Lakini hii ni kazi ya uvimbe mdogo. Wa kwake ni kama kungumanga. Msichelewe."

Tukarudi kijijini Makangale kutaka ruhusa, maana kwetu mke hapelekwi kulazwa ng'ambo mume na kaka wasipokubaliana. Nikawasimulia kama nilivyosikia, moto na baridi. Basi wakashika hapo hapo.

Kaka yetu akasema maradhi ya figo ni ya baridi, dawa yake moto. Sisi wenyewe utotoni tulichomwa kwa chuma, tukapona. Shemeji, mume wa mdogo wangu, akaruka: "Moto tumboni mwa mke wangu? Moto ni adhabu, bwana! Nagandishwe."

"Agandishwe? Kwani mkeo samaki?"

Wakacheka. Mwenye figo yake yuko nyuma ya pazia, anachambua mchele wa kuwapikia.

Nikasema, "Daktari ndiye atakayechagua, kwa vile uvimbe ulivyokaa. Nyie semeni ndiyo tu."

Kaka akanigeukia. "Weye uliyeishia juzuu amma tu ya Kurani, leo umekuwa tabibu?"

Akaletwa shehe. Akasema yote mawili halali, mfuateni tabibu. Hawakumsikiliza. Haikuwa figo tena. Ilikuwa ni nani mwenye kauli juu ya mwanamke yule. Naye akawa ananiambia jikoni, "Dada, mie nende wapi? Nikimtii huyu, nimemuasi yule."

Karafuu zikachumwa, zikaanikwa, na msimu mwengine zikachumwa tena. Mdogo wangu akaanza kukojoa damu. Siku hiyo ruhusa zikatoka zote mbili, kabla chai haijapoa.

Daktari yule yule akaitazama picha. "Bibi, sasa ni kama chungwa. Hapa moto haufai, wala baridi."

Wakaitoa figo yote.

Siku hizi anakaa Unguja kwa binti yake, karibu na mashine inayomsafisha damu. Makangale anaisikia kwenye simu. Maji anapimiwa, kikombe kidogo kwa kutwa, na kiu hiyo, wanangu, sijapata kuona mfano wake.

Juzi kaka na shemeji walikuja kumtazama. Wameketi kochi moja, wamepatana kama mapacha.

"Ndiyo kadari," kaka akasema.

Mdogo wangu akanionyesha mdomo wake mkavu. Nikamtilia kipande kidogo cha barafu akinyonye, kama wauguzi walivyotufundisha.

Shemeji akashtuka. "Barafu hiyo haimdhuru?"

Mdogo wangu akaisogeza shavuni, akamtazama.

"Muulize shemejio hapo. Mkishakubaliana, mnambie."